Mafuta ya Taa Chini ya Nyasi za Wageni

Shikamooni wasomaji. Mafuta ya taa yanayonuka nyumbani kwetu niliyamwaga mimi. Sijamwambia mtu yeyote, hata padri.

Nina miaka kumi na sita, nimetoka shule mwaka huu. Tunakaa upande wa Kamuli: baba, mama, dada yangu anayeposwa, na bibi mzaa baba. Nyumba yetu ni msonge, ndani giza hata mchana. Siku moja, wenzangu wakiwa shambani wanapalilia maharage, nilitamani kusoma kitabu changu cha shule. Nikainamisha debe la mafuta ili nijaze koroboi. Lilikuwa zito, likaniponyoka. Mafuta yakazama kwenye nyasi tunazotandika sakafuni, hadi karibu na mafiga.

Ningezitoa nyasi zile. Lakini asubuhi bibi alikuwa amekata nyasi mpya kwa ajili ya wakwe wa dada, waliotazamiwa kesho yake. Kwa woga nikazitandika mpya juu ya zilizolowa, nikazikanyaga zilale. Bibi aliporudi alinisifu kwamba sasa nimekua.

Wakwe hawakuja. Walituma habari kwamba baba mkwe anaumwa, watakuja akipona. Na bibi hataki nyasi ziguswe. Anasema kuzitoa kabla wageni hawajazikalia ni kuwafukuza, na dada ataachwa.

Wiki ya tatu sasa. Moto ukiwaka, harufu inapanda kutoka chini, nzito, inaganda kooni kama kohozi. Maziwa yananuka. Nywele zangu zinanuka. Nikitafuna ndizi naona kama natafuna utambi, na mara mbili nimetapika nyuma ya mibuni. Juzi baba alisukuma chakula akamwuliza mama, "Leo umetupikia ndizi au taa?" Mama alisugua vyungu kwa majivu mpaka vidole vikachubuka, nami nikakaa pale namtazama. Hapo nilijichukia kuliko ninavyoichukia harufu yenyewe.

Lakini hofu yangu kubwa ni bibi. Anavuta kiko, na huketi juu ya nyasi hizohizo, karibu na moto. Kaa la kuwashia hulichukua kwa vidole. Jumapili cheche ilidondoka, nikairukia na kuikanyaga kwa mguu mtupu. Bibi akacheka.

"Mjukuu wangu, kumbe shuleni mlifundishwa kucheza ngoma?"

Nilicheka naye, unyayo ukiniwaka.

Tangu siku hiyo namtandikia mkeka nje, chini ya migomba, nampelekea kaa la kiko kwenye kigae na kumdanganya kwamba jua la huko ni zuri kwa miguu yake. Anawaambia majirani hajapata kuona mjukuu mwenye adabu kama mimi. Na mvua ikinyesha anarudi ndani na kiko chake. Siku hizi mvua inanyesha karibu kila siku.

Nikisema, nitaonekana nimeharibu posa ya dada kwa ajili ya kitabu. Nikinyamaza, ipo siku nyumba itawaka, na bibi hawezi kukimbia.

Niambieni, nianzie wapi? Naombeni jina langu mlifiche. Na kama kuna anayemfahamu bibi yangu, tafadhali asimwambie. Akisikia, nataka asikie kutoka kwangu.