Kiburu cha Kambi ya Juu

Maji yalitokota mapema siku ile, nami nikafurahi kama mjinga. Nilikuwa msaidizi wa mpishi mlimani, na kaka yangu mkubwa alikuwa mpagazi katika msafara huohuo. Kiongozi wa msafara alikuwa amemwahidi kwamba akimaliza safari hii salama, atampeleka mafunzo ya kuongoza wageni. Kwetu Old Moshi mama alikuwa ameshawatangazia majirani.

Wapagazi walikuwa wamechoshwa na ugali, nikajitia kiherehere kuwapikia kiburu, yaani ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, kama cha nyumbani. Mama alipima muda wa maharage kwa kukata majani ya ng'ombe: yakianza kutokota, nenda kakate majani, ukirudi na mzigo wako yameiva. Nilikadiria muda uleule, nikazima gesi. Sikujiuliza kwa nini chai iliyotoka jikoni wakati huohuo tuliinywa bila kupuliza.

Ndizi zilikuwa laini, ila maharage yaligonga meno. Wapagazi wakasema nimewapikia kokoto, wakayasukuma pembeni mwa sahani, na mpishi mkuu akanitazama kwa jicho baya. Kaka akazivuta sahani zao kwake, moja baada ya nyingine.

"Nyie hamjui kiburu," akasema. "Huyu amepika kama mama."

Akayatafuna yote mbele yao. Nilimpenda sana wakati ule, na niliona haya pia.

Saa chache baadaye alikuwa anatapika mfululizo. Kiongozi akasema hewa ya juu imemshinda, akaamuru ateremshwe. Walipokuwa wanamfunga kwenye machela, nilikwenda kwenye sufuria, nikachukua harage moja lililobaki na kulibonyeza kwa vidole. Halikupondeka, nikajua kilichomtapisha. Nikayamwaga yaliyobaki nyuma ya jiwe, nikaosha sufuria, nikanyamaza.

Kaka hakuitwa tena mlimani. Alirudi kwenye kahawa na migomba, na kila alipoulizwa alijibu kwamba mlima ulimkataa. Mimi nilipanda cheo mpaka nikawa mpishi mkuu. Nilijichukia kila nilipobandika maharage, lakini niliendelea kuyabandika.

Jumapili moja mwaka huu alikuja kwangu Njoro baada ya ibada. Binti yangu, aliye sekondari, alimwamkia, "Shikamoo baba mkubwa," kisha akaendelea kujisomea fizikia kwa sauti. Huko juu mgandamizo wa hewa ni mdogo, alisoma, kwa hiyo maji huchemka kabla hayajapata joto la kutosha kuivisha vyakula vigumu. Sufuria ya presha hufanya kinyume: huyabana maji yasichemke mapema, joto likapanda zaidi.

"Baba mkubwa, uliwahi kuyaona hayo mlimani?" akauliza.

"Niliyala," akasema kaka.

Kisha akanigeukia mimi. "Nilijua ni mabichi tangu tonge la kwanza, mdogo wangu. Nilisema mlima umenikataa ili wewe usije ukaumia. Nilijua wewe hukujua."

Ningeweza kuitikia kwa kichwa tu, na yangeisha hapohapo. Lakini nilikuwa nimechoka kuficha. Nikamweleza kuhusu lile harage nililolibonyeza, na ile sufuria niliyoiosha wakati yeye anafungwa kwenye machela.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaweka kikombe chini, chai ikiwa nusu, akamwomba binti yangu amletee kofia yake.