Finjani Saba Mlangoni mwa Ngome

Bibi yangu, Bi Hafidha, ameishi Nizwa, huko Omani, miaka arubaini, katika nyumba iliyo chini ya ngome, na hakuwahi kuipanda. Marehemu babu, Mzee Hud, alikuwa mlinzi wa ngome hiyo kwa miaka ishirini na miwili. Kila Ijumaa baada ya kula alimwambia, "Hafidha, njoo upande leo nikuoneshe mitende yetu kutoka juu." Bibi, mikono imejaa unga, alimjibu, "Kesho, inshallah." Babu alipofariki, bibi hakutaka tena kusikia habari za kupanda. "Nani atanionesha?" alisema.

Kwa hivyo nilistaajabu alipokuja kunitembelea Japani, katika mji mdogo ninakosoma, wenye ngome ya kale ya mbao. Siku ya mwisho akaniambia, "Wiam, nipeleke kule juu. Asubuhi narudi Omani. Safari hii sina kesho ya kusema."

Tulifika saa tisa na nusu alasiri. Mlinzi wa mlangoni, mzee mwembamba mwenye kofia ya buluu, alitupatia mifuko ya kutilia viatu.

"Wana adabu hawa," bibi alisema akivua. "Kama msikitini."

Lakini ngazi ya kwanza ilisimama wima kama ngazi ya kupandia darini. Alipanda vidato vitatu, goti likakataa. Tukarudi nje, akakaa kwenye benchi la mlangoni.

"Khalas, basi tena," alisema taratibu. "Hud atanicheka."

Nikamtolea chupa yake ya kahawa ya iliki na finjani alizozibeba toka nyumbani. Mlinzi akatusogelea kuuliza kama mama anaumwa. Bibi hakuelewa hata neno, lakini kwake mtu hasimami mbele ya kahawa asinywe. Akammiminia. Mzee akainama, akapokea kwa mikono miwili, akanywa, akarudisha finjani. Bibi akajaza. Akanywa. Akajaza tena. Kufika ya sita uso wa mzee ulikuwa umeiva, na bado anainama.

"Ana kiu ya ajabu huyu," bibi alininong'oneza.

Hapo nikazinduka. "Bibi! Hajui kutikisa finjani!"

Kwetu, mgeni asiyetikisa finjani huongezwa mpaka chupa iishe. Nilipomfasiria, mzee, ambaye tayari ameshika ya saba, alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Alidhani kukataa ni kumvunjia heshima mama mtu mzima. Akainywa, kisha akaitikisa kwa nguvu kama anapiga kengele.

"Maskini, nimemzamisha mtoto wa watu," bibi alisema, akipangusa machozi ya kicheko. "Hatalala wiki nzima."

Mzee akatazama saa yake, akaitazama ngazi. Akaniambia kwamba magoti yake nayo ni mabovu, na kila jioni hupanda kufunga madirisha. Ana namna yake. Akamwonesha bibi: kwenda kiupandeupande, mkono kwenye kamba, mguu mzima kwanza, pumzi kila kidato. Yeye mbele, bibi katikati, mimi nyuma nimenyoosha mikono. Bibi alisoma Bismillahi ghorofa zote tano.

Juu kulikuwa na dirisha dogo. Tuliona mto, mashamba ya mpunga, na mapaa ya vigae vyeusi. Mzee akaonesha kwa kidole paa moja la kijani, karibu na mto. Nyumba yake.

Bibi aliitazama kitambo. "Muulize, mkewe ameshaiona kutoka hapa?"

Nikamuuliza. Mzee akakuna kichwa. Miaka kumi na tisa anamwalika. Kila mara mkewe ana kazi, husema kesho.

Bibi akanibana mkono. "Mwambie asimwombe. Amfuate nyumbani, amshike mkono, waje pamoja. Wangu alikuwa mpole mno, akiniomba tu."

Nilifasiri neno kwa neno. Mzee hakucheka. Alibaki akilitazama lile paa la kijani, kisha akatoa simu mfukoni, akampigia mkewe kumwambia anakuja kumchukua.