Pacha wa Bwana Hewala

Nyumbani kwake alikuwa simba. Mkewe akiomba ukuta wa sebuleni upakwe rangi, hapana. Binti yake akiomba ruhusa ya kwenda kwa shangazi yake, hapana, na asiulize tena. Shemeji akija kuazima nyundo alijibiwa hapana kabla hajamaliza kusalimia. Ilikuwa hapana nene, ya kifuani, na majirani waliisikia kupitia dirishani.

Kazini aliitwa Bwana Hewala. Alikuwa mkuu wa ghala katika kampuni ya magodoro, na tangu apewe cheo hicho hakuna mtu aliyewahi kumsikia akipinga jambo mkutanoni. Mkurugenzi alipotaka magodoro ya rangi ya waridi yenye picha za tausi, Bwana Hewala aliunga mkono. Mwaka uliofuata mkurugenzi alipouliza ni mpumbavu gani aliyeruhusu magodoro yale, aliunga mkono pia, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

Basi kampuni ikaleta mapacha. Sitanii. Kila mkuu wa idara, hata mkurugenzi mwenyewe, alikalishwa mbele ya kamera, akatabasamu, akageuza shingo huku na huku. Kisha fundi wa kompyuta, mwanamke mmoja asiyependa porojo, akachukua sauti yake, barua pepe zake na mikutano yake yote iliyorekodiwa, akamtengenezea mtu wa kwenye skrini anayefanana naye mpaka kikohozi. Pacha huyo angehudhuria mikutano kwa niaba ya mwenyewe, na neno lake lingehesabiwa kuwa neno la mwenyewe.

"Mzee, huyu wako ananipa shida kidogo," fundi alimwambia. "Hajui kukataa. Nimetafuta popote ulipowahi kupinga kitu, sijapata. Hebu nirekodie japo sentensi moja."

"Nipinge nini, mwanangu? Mimi ni mtu wa amani."

"Jifanye tu."

Bwana Hewala akakohoa, akaitazama kamera, jasho likamtoka. "Mimi naona," alisema, "labda, kama wenzangu nao wataona hivyo..." Fundi akazima mashine, akamwambia inatosha.

Hapo maisha yakanoga. Kila Jumatatu pacha alivaa tai na kukaa mkutanoni, na mwenyewe alipanda juu ya godoro la sampuli kule nyuma ya ghala, akauchapa usingizi. Alianza kujigamba kwamba yeye yuko mahali pawili kwa wakati mmoja. Ukweli ni kwamba hakuwa popote, lakini nani angemwambia?

Mpakizi wake ndiye aliyemwamsha siku ile. "Hongera, bosi. Una moyo wa ajabu."

"Hongera ya nini?"

"Si umekubali kuondoka? Ghala litaendeshwa na kompyuta na kamera, cheo chako kinafutwa, wewe unahamia getini kuandika namba za magari. Na mwenyewe umeunga mkono!"

Akakimbilia kompyuta, akafungua rekodi ya mkutano. Pacha alikuwa pale, nadhifu. "Naunga mkono hoja mia kwa mia," alisema akitabasamu. "Ni wazo zuri, tena limechelewa." Kisha akamshukuru mkurugenzi kwa uongozi wake. Bwana Hewala akaifunga rekodi, kwa sababu tabasamu lile alilijua na asingeweza kusema si lake.

Jioni alimsimulia mkewe akitegemea kuonewa huruma. Mkewe alicheka mpaka akauegemea ule ukuta uliokosa rangi.

"Kosa lenu ni kumrekodi huyo pacha wako huko kazini," alisema alipopata pumzi. "Mngekuja kumrekodi hapa, angekataa hata kuwashwa." Kisha akaacha kucheka. "Baba watoto, nisikilize. Si umesema barua ya kufuta cheo chako haijasainiwa bado? Kesho mpigie mkurugenzi wewe mwenyewe, si yule kinyago. Mwambie hapana. Hiyo hiyo unayonipa mimi kila siku, mpe na yeye moja."

Asubuhi alijifungia ofisini mwake, akamzima pacha, akapiga simu ya video. Uso wa mkurugenzi ukatokea, umetulia, hausemi kitu. Hapo Bwana Hewala akapata nguvu, maana alijua kwamba mkurugenzi naye ana pacha, na mtu mkubwa kama yule hawezi kupokea simu ya mkuu wa ghala kwa mkono wake. Hii ni picha tu, alijiambia. Picha itanifanya nini?

"Hapana!" akanguruma. Ilikuwa ile ya nyumbani, nzima nzima. "Siondoki ghalani! Ghala hili nimelilea mimi, wakati wewe hujui hata godoro linashonwaje! Na yale matausi yako! Nani alikuambia mtu anataka kulalia tausi? Sote tulijua hayatauzika, tukanyamaza, kwa sababu ukiudhiwa unanuna kama mtoto!"

"Endelea," picha ikasema.

Akaendelea. Jamani, aliendelea! Alimtaja mhasibu aliyepata kazi kwa kumwoa mpwa wa mkurugenzi. Alitaja paa linalovuja juu ya mzigo mpya, lililoundiwa kamati tatu na halijapigiliwa msumari hata mmoja. Alipiga meza. Sauti haikutetemeka, na nakiri kwamba kwa dakika zile chache nilimpenda.

Ndipo mtoto mdogo akatokea kwenye skrini, akampandia mkurugenzi mapajani na kumvuta sikio. "Babu, nani anapiga kelele?"

Pacha hana mjukuu.

"Leo nipo nyumbani, mgongo unanisumbua," alisema mkurugenzi. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amesogea karibu na kamera. "Miaka yote hii sijawahi kukusikia ukisema kitu. Kumbe una maneno! Ile barua yako iko hapa mezani, sijaisaini. Haya, niambie. Unataka niichane?"

Alichotakiwa kujibu ni ndiyo. Ndiyo tu, neno alilolitumia maisha yake yote ya kazi, bila kuchoka, kwa kila upuuzi uliopita mbele yake.

Bwana Hewala akafunga kifungo cha shati, akalirudisha tabasamu mahali pake.

"Samahani sana, mheshimiwa," alisema. "Aliyekuwa akizungumza ni pacha wangu. Ana hitilafu, nitamwita fundi leo hii hii. Mimi mwenyewe naafiki uamuzi wako kabisa."

Mkurugenzi akampapasa mjukuu kichwani.

"Bahati mbaya," alisema. "Huyo pacha ningembakiza."

Bwana Hewala akamshukuru.