Beji ya Baba Shingoni mwa Mbuzi

Enzi zetu, ninyi mliokulia mtaa wa Isevya wakati wa vita vya pili mtakumbuka, raia aliyefanya kazi kambi ya jeshi alivaa kifuani beji ya shaba yenye namba. Baba yangu hakuwa askari; alikuwa fundi viatu, akishona mabuti ya jeshi. Kila asubuhi aliisugua beji ile kwa majivu, nasi watoto tukamsindikiza hadi langoni tukitafuna matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kuanika, vigumu mpaka taya ziume. Wajukuu wangu chipsi zikipoa tu wananuna!

Jirani yetu Kondo, fundi bati, alikuwa Mzaramo, na sisi Wanyamwezi ni watani wao tangu enzi za misafara. Mtani akichukua chako, hukasiriki. Basi asubuhi moja akampokonya baba beji, akaifunga kwa kamba shingoni mwa mbuzi wake.

"Leo huyu ndiye atakayeshona mabuti!"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mbuzi naye akachomoka, akatokomea kwenye mihogo. Kengele ya kazi ikalia, lakini baba hakujali.

"Langoni yupo Mrisho. Jana tu kala kwangu."

Kweli, askari yule alikula kwetu karibu kila jioni. Ila tulipofika langoni, akaona kifuani mwa baba hamna beji, akamwelekezea bunduki.

"Beji."

"Mrisho bwana, acha mzaha. Kaichukua Kondo, mambo ya utani tu."

"Sikujui."

Nilipigwa na butwaa. Baba yangu, mtu mzima mwenye ndevu zake, akakalishwa chini juani, mikono kichwani, kama mwizi wa kuku! Tukasikia atapelekwa rumande, eti huenda ni mpelelezi. Mdogo wangu akaangua kilio. Mimi hata machozi yalikataa.

Ndipo Kondo akatokea anahema, akimburuta mbuzi mwenyewe. Fundo la kamba likakataa kufunguka. Mrisho akainama, akasoma namba shingoni mwa mbuzi, akamgeukia baba.

"Sasa nakujua. Pita."

Jioni ile akaja kula kama kawaida. Mama alisonya. Baba akamnawisha mikono.

"Karibu, Mrisho. Mimi nakujua."

Siku hizi vijana wananing'iniza vitambulisho hadi harusini, na jirani wa ukuta kwa ukuta hawamjui jina. Juzi niliwasimulia wajukuu kisa hiki, nikingoja washtuke kama nilivyoshtuka mimi. Wakatazamana.

"Sasa bibi, huyo askari alikosea nini?"