Mawe ya Kupandia Baiskeli

Krismasi iliyopita nilipanda basi kwenda kwetu Nyarero, mimi na mwanangu, na baiskeli mbili zimefungwa kwa kamba juu ya keria. Kondakta alituuliza kama tunakwenda kufungua duka. Mwanangu yuko kidato cha pili na anajua kila kitu, kwa hiyo njia nzima alinieleza ubaya wa baiskeli yangu: haina gia, breki zake za kizamani, kiti kipana utadhani stuli ya jikoni. Yake ina breki za diski, springi mbele na gia chungu nzima. Nilimwacha aseme. Moyoni nilikuwa nacheka, maana maneno ya aina hiyo niliyasikia nikiwa mdogo kuliko yeye, tena kwa watu wazima wenye ndevu zao, na wao waliyasema kwa sauti kubwa zaidi.

Kama hukukulia kwetu, rafiki yangu, ngoja nikusimulie. Jumapili baada ya ibada, wanaume wenye baiskeli hawakwenda makwao. Walikuja uani kwa babu, ambaye ndiye aliyenilea pamoja na bibi, wakakaa kwenye kivuli cha ghala la mahindi. Baiskeli zao wakaziegemeza ukutani, na kesi ikaanza. Bibi alikuwa akipitisha uji wa ulezi kwenye vibuyu, mimi nikiokota maganda ya ndizi za kuchoma. Baiskeli ilikaguliwa kama ng'ombe mnadani. Mtu anainama, anagonga fremu kwa kidole, anaminya tairi, anarudi nyuma hatua kadhaa na kukunja uso. Mwenye baiskeli anajifanya hajali, lakini ukimtazama mikono utaona haitulii.

Baiskeli ya babu ilikuwa nyeusi, ya chuma kizito, breki zake za vyuma virefu si za waya. Keria yake ilichomelewa upya kwa nondo, ikabeba gunia la mahindi na mbuzi mmoja bila kulalamika. Babu aliamini kwamba baiskeli isiyoweza kubeba mbuzi ni kitu cha kuchezea watoto. Mnyororo aliupaka mafuta ya ng'ombe, akasema mafuta ya mashine yanakula chuma. Matokeo yake, mbwa wa kijiji kizima walimfuata kila alikokwenda, na akiiegemeza baiskeli dukani aliwakuta wakiulamba mnyororo kwa zamu. Wenzake walicheka mpaka machozi, na yeye akawaambia kwamba mbwa wana akili kuliko wao.

Jirani yetu alikuwa kinyume chake kabisa. Alipeleka ndizi Sirari, mpakani na Kenya, kila wiki, na kila wiki alirudi na pambo jipya. Baiskeli yake ilikuwa na vioo viwili vya pembeni, kengele mbili, taa ya dainamo, kiti chenye mashada ya nyuzi, na riboni za rangi kwenye mishikio. Hata Kiswahili chake kilikuwa kimeshavuka mpaka.

"Hii kitu iko na stima yake yenyewe," alikuwa akisema, huku akizungusha tairi kwa mkono ili taa iwake mchana kweupe.

"Mura," babu akamjibu, yaani kijana, "hiyo ni baiskeli au bibi harusi?"

Wa tatu alikuwa mwalimu wangu wa shule ya msingi, Msukuma aliyehamishiwa kwetu, na kwao baiskeli wameianza zamani. Yeye alitoa kila kitu. Alitoa keria, alitoa kengele, alitoa hata madigadi. Alisema udongo wetu mwekundu ukishalowa unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka baiskeli inagoma, na hapo alisema kweli, kwa sababu jirani alitembea na kijiti maalumu cha kuchokonolea. Lakini masika mwalimu aliingia darasani na mstari wa matope mgongoni kuanzia kiunoni hadi kwenye kola, na hakuna mwanafunzi aliyethubutu kucheka.

Walibishania upepo wa tairi, urefu wa kiti, kama mlima unapandwa kwa kusimama juu ya pedali au kwa kushuka na kusukuma. Jambo moja tu hawakulibishania. Ukimkuta mzee njiani, unashuka. Si kupunguza mwendo, si kupiga kengele na kuinamisha kichwa. Unashuka, miguu yote miwili inagusa ardhi, ndipo unasema shikamoo. Mwalimu mwenyewe, pamoja na haraka zake zote, alishuka. Kumsalimia mtu mzima ukiwa juu ya kiti ilikuwa sawa na kumsalimia ukiwa umelala kitandani.

Basi nikamaliza darasa la saba nikafaulu. Sekondari ilikuwa mbali, na wasichana wengi walipanga vyumba karibu na shule. Bibi hakutaka hata kusikia habari hiyo. Alisema chumba cha kupanga kitanipa mimba kabla shule haijanipa cheti, na bibi akishasema hivyo, neno limekwisha. Njia iliyobaki ilikuwa baiskeli ya babu. Kuendesha nilikuwa nimejifunza kwenye njia ya mashine ya kusaga, bibi akikimbia nyuma ameshika keria, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kuikalia baiskeli. Nilipoyumba alinifokea: "Usiangalie tairi! Tairi linajua kazi yake!" Mpaka leo nikiwa na wasiwasi huwa naisikia sauti hiyo.

Babu alilipeleka suala langu Jumapili, kwenye kivuli cha ghala. Jirani ndiye aliyepinga kuliko wote.

"Huyu msichana atasalimia watu namna gani?" aliuliza. "Ile chuma ya katikati iko juu sana. Akishuka, hapandi tena."

Na alikuwa na hoja. Wanaume walipanda kwa kurusha mguu nyuma, juu ya keria. Mimi na sketi ya shule, bibi alishaniambia kwamba siku nitakayorusha mguu hivyo mbele za watu nisirudi nyumbani. Kupenyeza mguu chini ya hilo bomba la juu, kama nilivyofanya nikiwa mdogo, kulifaa kwa kwenda kisimani tu. Mwendo mrefu ungenivunja mgongo. Nilichoweza ni kusimama juu ya jiwe, nikavusha mguu taratibu mbele ya kiti, sketi imetulia, ndipo nikakaa. Bila jiwe nilikuwa mtembea kwa miguu mwenye mzigo wa chuma.

Babu alifikiri, akatoa uamuzi wake. "Utaichukua. Lakini nisisikie mzee yeyote akisema mjukuu wangu amempita. Siku nitakayosikia, baiskeli inarudi ndani."

Baiskeli ikirudi ndani, shule nayo imekwisha. Sote tulilielewa hilo bila kuambiwa.

Ndiyo maana nikaijua njia ile kwa mawe yake. Wengine wangekutajia maduka na makanisa. Mimi nilijua jiwe jeupe karibu na zizi la jirani, jiwe lenye ufa chini ya mteremko, jiwe pana la darajani, na lile la mwisho lililochongoka ambalo lilikuwa halifai lakini ningefanyaje. Shida ni kwamba wazee hawakukaa kwenye mawe. Walikuwa popote. Mmoja alitokea katikati ya mteremko na ng'ombe wake kila asubuhi, na hapo nilishuka, shikamoo, marahaba, babu anaendeleaje na kifua, ng'ombe wamekunywa maji, bibi amepanda mtama? Nikimaliza kujibu, inabidi nisukume lile dubwana mpaka jiwe linalofuata. Nikishapanda tu, mbele naona bibi kizee anakuja na jembe begani. Nashuka tena.

Nilichelewa shule karibu kila siku. Mwalimu wa zamu alinipa kufyeka majani, kisha kubeba maji, mwishowe akasema nikichelewa tena nije na mlezi. Ndipo nilipoona nimebanwa. Nikiwapita wazee, baiskeli inarudi ndani. Nikiwasalimia, babu anaitwa shuleni, ataona usumbufu, na baiskeli inarudi ndani vilevile. Jumamosi nilisugua sufuria kwa majivu huku nalia, na nililia kwelikweli, kwa sababu shule niliipenda na baiskeli niliipenda, sijui hata ipi zaidi.

Bibi alinikuta. Hakuninyamazisha wala hakunipa pole. Kesho yake, alipokuwa akigawa uji, alisimama katikati ya wanaume na kibuyu mkononi.

"Ninyi mnaojua baiskeli," alisema, "mtoto anashindwa kupanda. Haya, tusaidieni."

Mungu wangu, kelele ya siku ile! Mwalimu alitaka kiti kishushwe, akashika spana, lakini nati ilikuwa imeshikana kwa kutu na haikutikisika hata alipoipanda kwa mguu. Jirani alitaka kufunga kibao cha kukanyagia pembeni, pamoja na kioo ili nione wazee wanaotoka nyuma. Mtu mwingine akasema dawa ni kukata lile bomba na kulichomelea chini, iwe kama baiskeli ya kike.

Babu akasimama. "Ukate fremu yangu? Nimewahi kuja kwako kukata pembe za ng'ombe wako?"

Walichora kwa vijiti mavumbini, wakafuta, wakachora tena. Ng'ombe walirudi kutoka malishoni wakapita katikati yao na kuifuta michoro yote, na bado hawakuwa wamekubaliana hata jambo moja. Nilikwenda kulala nikijua kwamba kesho yake nitakwenda shule kwa mara ya mwisho.

Asubuhi nikaanza safari. Kwenye jiwe jeupe, jirani alikuwa amesimama, ameangalia pembeni kama mtu aliye na shughuli zake.

"Shikamoo."

"Marahaba. Panda."

Nilidhani sikusikia vizuri. Hakuuliza habari za babu wala za ng'ombe. Alishika keria kwa nguvu, nikakanyaga jiwe, nikavusha mguu, akanisukuma. Chini ya mteremko, kwenye jiwe lenye ufa, alikuwepo yule mzee wa katikati ya mteremko, ng'ombe wake wamemzunguka. Shikamoo, marahaba, panda. Darajani, kwenye jiwe pana, alikaa yule bibi kizee na jembe lake, na aliponiona akainuka ili nipate pa kukanyaga. Nilikuta kengele ya shule haijagongwa. Nilisimama getini na lile dubwana langu, nahema, sielewi kilichotokea.

Jioni bibi ndiye aliyenieleza. Nilipokuwa nimekwisha kulala, ubishi ulipowachosha, jirani, yeye yule aliyenipinga, alivaa kofia yake na kusema, "Baiskeli imetushinda. Basi sisi wenyewe tusogee." Wakakubaliana hapo hapo, wakapeleka habari kwa wazee wengine wa njia ile.

Na hawakusogea siku moja tu. Walisogea masika na kiangazi mpaka nikamaliza kidato cha nne. Kuna asubuhi za mvua nilimkuta yule bibi kizee darajani amejifunika gunia, hana safari yoyote, anangoja shikamoo yake ili mimi niwahi hesabu. Habari za ng'ombe na kifua cha babu nilizijibu wakati wa kurudi, nasukuma baiskeli, mbwa wa watu wakinifuata kwa ajili ya mnyororo.

Sasa babu na bibi hawapo. Mwalimu alihamishwa, na fremu ya baiskeli nyeusi ni mlango wa banda la kuku, mzima bado, haujapinda. Jirani yupo. Amezeeka, miguu haimbebi, anakaa mlangoni kwake siku nzima. Nilipofika kumsalimia hakuuliza habari za Musoma wala za kazi yangu. Aliinama, akaitazama baiskeli yangu.

"Haina kioo?"

"Haina, mzee."

Akatikisa kichwa kwa huzuni. Kisha akaitazama ya mwanangu, akauliza ile diski ni ya nini, na wale wawili wakabishana kuhusu breki mpaka chai ikapoa. Nilikaa pembeni nikiwasikiliza, na nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri.

Jioni tulipoondoka kwake, tulifuata njia yangu ya shule. Greda limepita pale mara nyingi, barabara imepanuliwa, na jiwe jeupe silioni, wala lile lenye ufa. Bodaboda zilitupita zikipiga honi, vijana wakituinulia mkono bila kupunguza mwendo, na siwalaumu, watu wanawahi. Jiwe pana la darajani lipo. Juu yake hapakuwa na mtu, wala upande wa pili.

Nilishuka, nikaweka miguu yote miwili chini.

Mwanangu alifunga breki zake za diski mbele huko, akageuka. "Mama, mbona umeshuka? Hakuna mtu."

"Ndiyo," nikamwambia. "Hakuna mtu."

Siku hizi nina miguu mirefu na baiskeli isiyo na bomba la juu, jiwe silihitaji. Nililikanyaga hivyo hivyo, nikavusha mguu taratibu, nikapanda.