Sungura wa Muzee Cirimwami

Marehemu Cirimwami hakumwamini mtu na sungura wake, hata mkewe Marie-Louise. Kila asubuhi, kabla ya chai, aliinama chini ya kibanda kutazama kinyesi. Kikiwa kikubwa na kikavu, aliingia ndani akipiga mluzi. Kikiwa kidogo, hata kazini alichelewa. Majani aliyaanika kwanza juu ya mabati, maana yenye maji ya mvua, alisema, huchacha tumboni. Sisi majirani tulimcheka sana.

Akafa, tukajaa uwanjani kwake chini ya turubai. Watu wa Goma tunajua kulia na tunajua kula. Aliyechoshwa na kiti cha plastiki alikwenda kumtazama sungura: huyu akampa mkate, yule wali, mwingine mandazi. Kabla matanga hayajaisha, sungura akaacha kula. Akajikunyata pembeni, akisaga meno.

"Umuache, mama," alisema jirani yetu Bulonza. "Naye analilia muzee."

Neno hilo lilimfariji Marie-Louise kuliko nyimbo zetu zote. Alikuwa amechoka na pole, amechoka kushikwa mikono. Akasogeza kiti karibu na kibanda, wakakaa hivyo wawili, wote bila kula.

Asubuhi aliinama akatazama chini. Hakuna kinyesi, hata punje. Akampapasa tumbo, akalikuta gumu kama ngoma. Akavaa viatu.

"Unaenda wapi, na bageni banaingia?" Bulonza akauliza.

"Munigi, kwa daktari ya banyama. Huyu halilii mutu. Iko na mukate mu tumbo."

Watu wakanung'unika: mjane gani huyu? Yeye akapanda pikipiki, kikapu mapajani. Daktari Havugimana alimchoma sungura sindano, akatoa dawa ya maji, akamkaripia kidogo: sungura akigoma kula, usingoje kesho. Ampe nyasi kavu na maji, basi.

Alirudi, akatufukuza sote pale kibandani. Kesho yake kinyesi kikaanza kutoka. Jioni sungura alikuwa akitafuna nyasi, masikio juu, akirukaruka. Tukashangilia.

Marie-Louise hakushangilia. Alimtazama akila kwa raha zake, na uchungu ukamshika upya, mkali kuliko siku ya maziko. Kumbe lilikuwa tumbo tu. Aliyekuwa akimlilia Cirimwami pale kibandani ni yeye peke yake.