Buibui Lililobaki Msumarini

Kaa vizuri, na usinikatize. Wengine nikiwasimulia huanza kucheka kabla sijafika katikati, kisha wakirudi kwao hawalali. Mimi jambo hili sikuhadithiwa. Nilikuwepo mwenyewe, kwa macho yangu na kwa pua yangu, na hiyo pua utaisikia habari yake. Usiponiamini si neno. Ila nikimaliza nitakuomba kitu kimoja, na hicho usininyime.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Nilikuwa msichana wa skuli, kwetu Jambiani, na kila likizo mama alinipakia kwenye gari la shamba pamoja na kikapu cha muhogo na pweza mkavu, niende mjini kwa mama mdogo. Mama mdogo, Bi Mwanaidi, alikuwa mjane na mshoni wa nguo, akikaa Mlandege. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Zuhura, rika langu. Kwetu likizo maana yake ni kuchota maji na kutwanga. Mjini likizo ilikuwa kuzurura, na sisi tulizurura mpaka ndara zikatoboka.

Mwaka ule tulijipa kazi ya kuziona hoteli zote zenye maonyesho. Usicheke, hazikuwa nyingi. Ya Shangani ilikuwa na bendi iliyopigia wageni, nasi tuliisikiliza kwa nje, tumeegemea ukuta, mpaka mlinzi alipotufukuza. Nyengine ilimleta mtu wa kiinimacho akatoa njiwa kwenye kofia. Njiwa akaruka, akatua juu ya kabati la vikombe, na akakataa kushuka mbele ya watu wote. Zuhura alikuwa akimuigiza yule bwana anavyombembeleza njiwa wake, mama mdogo anacheka mpaka sindano inamchoma.

Lakini iliyotutia wazimu ilikuwa hoteli moja ndani ya Mji Mkongwe, ambayo siitaji jina kwa sababu jengo lipo bado. Tajiri mmoja wa zamani aliijenga akataka kila ghorofa iwe nchi. Chini palikuwa Bara Hindi, nguzo zimechongwa tausi na ndovu. Ghorofa ya kati ilikuwa Misri, ukumbi mpana wenye ngamia na piramidi zilizochorwa ukutani. Juu kabisa palikuwa Uajemi, na huko ndiko mabwana wakubwa walikokuwa wakicheza kamari, karata na gurudumu la bahati, mpaka kunakucha. Baada ya Mapinduzi mwenyewe aliondoka, serikali ikaichukua nyumba, meza za kamari zikafungiwa huko juu kwa mnyororo, na ukumbi wa Misri ukawa wa taarab. Alasiri moja katika wiki ilikuwa ya wanawake peke yao.

Kwa Zuhura haya hayakuwa matembezi tu. Mtoto yule alikuwa na sauti. Akiimba uani, majirani walizima redio zao. Kiongozi wa kikundi, bibi mmoja mkali asiyecheka ovyo, alikuwa amemwambia aje aimbe wimbo mmoja mbele ya watu, na akipendeza atachukuliwa, aende nao mpaka Dar es Salaam. Zuhura hakutaka kitu kingine duniani. Skuli ilimshinda, cherehani aliichukia, na sauti ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo.

Sasa nikueleze jambo ambalo ninyi wa leo hamlijui. Wakati ule sote tulitoka na mabuibui meusi. Ukifika kwenye shughuli ya wanawake unalivua mlangoni, unalitundika msumarini, unaingia na gauni lako. Sasa wakati wa kuondoka, ukuta mzima umejaa mabuibui meusi, lako utalijuaje? Kwa kulinusa. Kila nyumba ilikuwa na udi wake, na nguo zilifukizwa udi huo. Na kwa vile vitu vilikuwa vya shida madukani, mama mdogo aliurefusha udi wake kwa sandali na maganda makavu ya machungwa. Hakuna nyumba nyengine pale mtaani iliyonukia hivyo. Mimi nilikuwa na pua ya ajabu. Nikikaa dirishani nimefumba macho ningekutajia nani kapita. Wasichana wengine walijivunia nywele, mimi nilijivunia pua, na mama mdogo akaniita paka.

Siku ikafika. Mlangoni alikaa Bi Fatma, mtu mzima aliyelinda mabuibui. Tukayatundika ya kwetu pamoja, tukapanda. Zuhura alipoanza kuimba ukumbi ulinyamaza, hata wale wanaokuja kwa ajili ya kusengenya. Wanawake wakaanza kuinuka mmoja mmoja kumtunza. Ndipo akainuka mwanamke mmoja niliyekuwa sijamuona akiingia. Gauni lake lilikuwa la hariri ya kijani, mshono wa kizamani, na hakuna aliyekaa karibu yake. Akaja anacheza polepole, akamtia Zuhura tuzo mkononi. Haikuwa pesa. Ilikuwa karata, bibi wa kopa.

Zuhura alinitazama. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mwimbaji harudishi tuzo. Kurudisha ni kumvunjia mtu heshima mbele ya kadamnasi, na siku ile kiongozi alikuwa anamtazama kila anachofanya. Akaipokea, akaitia kifuani, akamaliza wimbo wake. Vigelegele vilipotulia yule kiongozi akaitikia kwa kichwa na kusema, "Wiki ijayo njoo mazoezini." Zuhura alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi, na sijui kama niliwahi kumuona na furaha kama ile.

Jua lilikuwa linazama, taa zikazimika. Wanawake wakasukumana ngazini, kila mtu akikimbilia nguo yake. Tulipofika misumarini niliona langu, na buibui moja jengine, basi. Zuhura akalivaa. Angetoka vipi kichwa wazi magharibi ile? Nilipomsogelea nilinusa kitu kingine. Buibui lile lilinuka karafuu maiti. Unaijua, ile tunayotia kwenye maji ya kuoshea maiti na kunyunyizia sanda.

"Zuhura, hilo si lako," nikasema. Hakujibu. Akanishika mkono, mkono wake baridi, tukaanza kwenda. Nikamsemesha tena, kimya, nikadhani amechoka. Tulipokuwa karibu na Darajani upepo ukanigeukia, na katika upepo ule nikanusa maganda ya machungwa. Mbele yetu alikuwa akienda mwanamke mmoja amejifunika, haendi mbio, lakini kila tukiharakisha hatumfikii. Akakata kuingia Mlandege. Akakata kwenye uchochoro wetu. Akaingia mlango wetu.

Ndani mama mdogo alikuwa anatafuta kibiriti gizani. Nilimsikia akiita, "Zuhura, ndo wewe?"

"Naam, mama," sauti ikaitika.

Wallahi ilikuwa sauti ya Zuhura. Na Zuhura nilikuwa nimemshika mkono, nje, kizingitini. Amefungua kinywa, machozi yanamtoka, na kinywani hamtoki kitu.

Taa ilipowashwa ndani hamkuwa na mtu. Ilibaki harufu ya udi wetu tu, juu ya kitanda, kama mtu ameinuka sasa hivi. Hospitali walimtazama koo wasione kitu. Akasomewa, akanywa maji ya kombe yaliyooshewa aya, hakupata hata neno la kuomba chumvi. Kule kikundini nilikwenda kudanganya kwamba ana homa, nikaambiwa asipokuja wiki ile nafasi atapewa mwengine.

Baya zaidi nalo halijafika. Jioni moja nilitoka uani nikamkuta mama mdogo amekaa kitandani gizani. "Zuhura," anaita taratibu. "Naam," sauti inaitika kutoka pembeni. Anaita tena. Na mwanawe wa kumzaa yuko jikoni, amejifunika kanga uso, analia bila sauti. Nilielewa kwamba mama mdogo ameanza kuizoea ile sauti isiyo na mtu. Nilimuogopa mama mdogo kuliko nilivyomuogopa yule mwanamke.

Kesho yake alasiri nililikunja lile buibui la karafuu maiti, nikaichukua na karata, nikaenda hotelini.

"Shikamoo Bi Fatma."

"Marahaba, mwanangu." Nikamuonesha buibui. Aliliinamia mara moja tu, akarudi nyuma. "Mie mwenye hili sjamfungulia mlango. Lipeleke juu, mwanangu. Na usikae sana."

Mnyororo wa juu ulikuwa unaning'inia, mlango wazi. Vigae vya buluu, meza zimefunikwa mashuka, gurudumu la bahati limeegemezwa ukutani. Yeye alikaa dirishani penye mwanga, gauni lile lile la kijani. Buibui la Zuhura alikuwa amelijitanda mabegani na uso ameuzika ndani yake.

"Karibu," akasema, kwa sauti ya ndugu yangu. "Nyumba yenu inanukia."

Nilisema nilichokwendea. "Nimekuletea lako, na karata yako. Nipe letu, na sauti ya Zuhura."

"Humu hakitoki kitu mpaka kichezewe. Kaa kitako. Ukishinda utachukua. Ukishindwa utakaa na mimi." Akachanganya karata. "Lakini nkwambie, maana we mtoto. Ushinde, ushindwe, nyumba hii huchukua chake."

"Nani kakwambia?"

"Mume wangu alishinda. Kashinda usiku kucha, katoka na pesa za watu wote. Alivyorudi nyumbani kanikuta nshakufa, na nlikuwa siumwi." Alilisema hilo kama mtu anayekwambia mvua imenyesha. "Tangu siku hiyo sinusi kitu ila karafuu maiti. Nlitaka kunusa nyumba yenye watu, basi."

Nilimuonea huruma, kweli nakwambia. Nikakaa. Akazitandaza karata kifudifudi, kila mtu avute moja, mwenye kubwa ashinde. Nikavuta yangu, nikafunua mfalme. Akavuta yake, ikawa saba. Akalivua buibui mabegani, akalikunja vizuri kama mtu anayerudisha nguo ya kuazima, akanipa.

"Hongera," akasema. Na sasa ilikuwa sauti nyengine, nzito, ya mtu aliyekaa miaka hajasema.

Sikumbuki nilivyoshuka. Nilikimbia mpaka Mlandege, na Zuhura alikuwa mlangoni mikono kiunoni. "We ulikuwa wapi? Mama kakutafuta tangu alasiri," akasema. Akasema. Nilikaa chini pale pale barazani nikalia, naye alipoisikia sauti yake mwenyewe akaanza kulia na mimi. Mama mdogo akakitoa chetezo, akatia udi wote uliobaki, moshi ukajaa mpaka macho yakawasha. Majirani waliingia wakasifu harufu. Mimi niliinamisha uso juu ya makaa, nikavuta pumzi, nikavuta tena.

Hakuna kitu. Ndipo nikakumbuka kwamba nilipita Darajani upande wa samaki bila kuziba pua.

Nyumba ilikuwa imechukua chake. Na huwa nadhani yule mwanamke ndiye anayenusa sasa.

Zuhura alikwenda Dar es Salaam na kikundi, akapata jina, akarudi, akaolewa, akazaa, nami nikahamia kwake moja kwa moja. Nilimwambia yeye tu. Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa pua yangu. Kila nikitaka kutoka alilisogelea buibui langu, akanusa, akasema, "Lako," ndipo nikavaa. Akisafiri, sitoki. Alikuwa ananitania kwamba ana mume mmoja na mbwa wa kunusa mmoja, na mbwa mwenyewe ni yeye. Wewe utaniuliza hofu yote hiyo ya nini, na nilishinda? Fikiri. Yule mwanamke uso wake ukifunikwa ni kama uso wa yeyote. Dalili yake ilikuwa harufu tu. Anaweza kukaa nami kitanda kimoja, mimi nisijue.

Zuhura alifariki Shaabani iliyopita. Nilimuosha kwa mikono yangu. Wenzangu walisema karafuu maiti ni kali leo, mimi sikunusa chochote, na mara moja hiyo nilishukuru.

Basi nakuonya, wewe na watoto wako. Usivae nguo usiyoijua ilikotoka, hata giza likikukuta njiani. Na ukiingia kwenye nyumba ya kamari ukatoka umeshinda, usishangilie mpaka umejipapasa mwili mzima ukajua kimekwenda nini.

Na sasa ombi langu. Juzi jioni nilisahau kwamba amekufa, nikaita kama nilivyozoea, "Zuhura." Nikaitikiwa, "Naam." Sikuthubutu kugeuka. Asubuhi nikaliona buibui pale msumarini, na sikumbuki kulitundika. Wewe pua yako nzima. Kabla hujaondoka lisogelee, ulinuse, uniambie kweli. Ni maganda ya machungwa?